Mikono na Akili: Gramafoni ya babu na diski ya mama

Mwezi huu ukurasa wetu wa kazi za mikono unajibu barua moja tu, sababu jambo lake linagusa nyumba nyingi za kwetu.

Kijana mmoja wa Likasi, wa miaka 17, anatuandikia hivi kwa kifupi. Babu yake alifanya kazi miaka mingi penye kuyeyusha shaba. Alipokufa aliachia jamaa gramafoni moja ya zamani, ile ya kuzungusha na manivela, yenye sanduku ya mbao na kifuniko. Mashini ingali nzima: resori inakaza, sahani inazunguka vizuri. Lakini diski za babu zilivunjika karibu zote wakati wa kuhama. Nyumbani kuko diski zingine, za 45 na za 33. Katika hizo kuko moja ndogo ambamo mama yake anaimba pamoja na kwaya ya wakati wa usichana wake. Mama hajaisikia tangu elektrofoni ya nyumba ilipoungua. Basi kijana anataka kumpa zawadi ya Noeli: atengeneze gramafoni ya babu ipate kuimba diski ya mama. Rafiki yake alimwambia kama inatosha kutoa sindano kubwa ya chuma na kufunga pahali pake sindano nyembamba ya kushona. Anauliza: ni kweli? Na namna gani kuifunga?

Mwanangu, mbele ya kusoma zaidi, fanya kitu kimoja. Kama diski ya mama iko juu ya gramafoni, itoe, uirudishe mu mfuko wake. Kiisha kaa, tuzungumze.

KOSA LANGU LA NOELI

Sikuandikii kama mtu asiyekosa. Noeli ya mwaka 1967 nilikuwa na umri kama wako. Baba yangu alikuwa mgonjwa, hakuweza tena kufika kanisani. Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa na diski ya Missa Luba, ile misa iliyoimbwa na kwaya ya Kamina chini ya Père Guido Haazen na kurekodiwa mwaka 1958. Alitufundisha nayo, sababu hatukuwa na karatasi za noti. Nilimwomba aniazime kwa siku moja, baba apate kusikia Kyrie. Akakubali. Hakuniuliza nyumbani kwetu kuko mashini ya namna gani, na mimi sikumwambia.

Kwetu kulikuwa gramafoni ya manivela. Tulikaza resori, tukaweka diski, tukashusha sindano ya chuma. Sauti zikatoka mbio mbio sawa za ndege, watoto wadogo wakacheka. Kaka yangu akageuza visi ya mwendo mpaka mwisho, haikutosha. Basi akaweka kidole pembeni ya sahani ili kuichelewesha. Hapo Kyrie ikasikika, mbali kidogo, ikipanda na kushuka kwa kufuata kidole cha kaka. Baba alifunga macho. Ilipokwisha akasema: «Mutoto, rudilia tena.» Tukarudilia.

Nilipoinua mkono wa mashini niliona kitu kama uzi mweusi, mwembamba sana, umejikunja ku ncha ya sindano. Nikaupuliza. Nilifikiri ni vumbi.

Kesho yake nikarudisha diski. Mwalimu akaiweka ku elektrofoni yake. Pahali pa Kyrie pakatoka sauti ya mafuta yanayokaanga, na nyuma yake watu wakiimba mbali kabisa, sawa vile wako chini ya shimo. Alisikiliza mpaka mwisho. Kiisha akaniuliza: «Weye ulichezesha hii diski na nini?»

«Na gramafoni ya baba, Mwalimu. Mara mbili tu.»

«Mara mbili,» akasema. Akairudisha mu mfuko wake. Kuanzia juma lile alitufundisha Kyrie kwa kukumbuka tu, na pale aliposahau tulinyamaza sisi wote, tukimngojea.

Ule uzi mweusi haukuwa vumbi. Ulikuwa diski yenyewe, iliyochongwa na sindano yetu. Ndiyo sababu nakujibu leo kwa urefu.

DISKI ZINAFANANA, MAANDIKO YAO HAYAFANANI

Ukiangalia diski ya babu na diski ya mama, unaona vitu viwili vyeusi, vya mviringo, vyenye tundu katikati. Lakini sauti imeandikwa ndani yake kwa namna mbili mbalimbali.

Kila diski ina mfereji mmoja mrefu unaozunguka toka pembeni mpaka karibu na katikati. Ndani ya mfereji huo sauti imeandikwa kama mawimbi madogo. Sindano inapopita, mawimbi yanaitikisa. Ku gramafoni ya babu hakuna umeme hata kidogo: sindano inatikisa mkono mdogo wa chuma, mkono huo unatikisa kipande chembamba kilicho ndani ya kile kichwa cha mviringo, na hewa inachukua sauti mpaka ndani ya pembe. Nguvu yote ya sauti inatoka ku sindano peke yake. Ndiyo maana kichwa kile ni kizito. Kinalemea diski kwa uzito wa gramu 100 na zaidi. Ku elektrofoni nzuri sindano inalemea gramu chache tu, 2 mpaka 5, sababu umeme ndio unaokuza sauti nyuma yake.

Diski ya babu, ile ya 78, ilitengenezwa kwa kuvumilia mzigo huo. Nyingi zake zilifanywa na utomvu unaoitwa shelaki, unaotoka kwa wadudu wadogo wa Asia, pamoja na unga wa mawe. Unga ule unafanya diski kuwa ngumu, na unasugua ncha ya sindano mpaka iingie sawasawa mu mfereji. Maana yake, ku diski ya 78 sindano ndiyo inayopaswa kulika. Wazee walijua: upande mmoja, sindano moja. Sindano iliyokwisha kulika, ukiirudilia, inakuwa na makali sawa patasi, na sasa ni diski inayolika.

Diski za 33 zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1948, za 45 mwaka 1949. Hizo ni za plastiki laini inayoitwa vinili. Hakuna unga wa mawe ndani yake. Mfereji wake ni mwembamba, karibu theluthi moja ya ule wa 78. Ku diski ya 78 unaweza kuhesabu mizunguko karibu 40 ya mfereji kwa sentimeta moja. Ku ile ya 33 iko karibu 100. Ndiyo sababu diski ya 78 ya sentimeta 25 inaimba dakika tatu hivi, na ile ya 33 ya sentimeta 30 inaweza kupita dakika 20 kwa upande mmoja.

Sasa fikiri: mfereji mwembamba, plastiki laini, na juu yake msumari wa chuma wenye kulemea gramu 100. Sawa vile kupitisha lori ya madini mu njia ya baiskeli.

WAZEE WALIFUNGA KIPANDE, KIKAFAA

Utaniambia: «Lakini nilisikia kama kuko watu waliotengeneza gramafoni za zamani ziimbe diski zingine.» Ni kweli, na habari hiyo ni nzuri kuijua, sababu ndani yake utaona kitu gani fundi anaweza kubadili na kitu gani hawezi.

Thomas Edison wa Marekani alivumbua mashini ya kushika sauti mwaka 1877. Yeye aliandika sauti kwa kupanda na kushuka: chini ya mfereji kuko vilima na mabonde, na sindano inarukaruka juu yake. Miaka kumi nyuma, mwaka 1887, Emile Berliner, Mjerumani aliyehamia Marekani, aliandika sauti kwa namna ingine: mfereji wenyewe unapinda kuume na kushoto sawa mto, na sindano inatikisika pembeni. Diski nyingi za dunia zilifuata njia ya Berliner. Lakini Edison alishikilia njia yake. Kutoka mwaka 1912 mpaka 1929 aliuza diski nene, karibu milimeta 6, za kusomwa na jiwe la almasi, ku mashini zake mwenyewe. Kule Ufaransa Pathé pia waliuza diski za kupanda na kushuka, zinazosomwa na jiwe la safiri lenye ncha ya mviringo.

Basi mtu aliyenunua mashini ya Edison hakuweza kusikiliza diski za kawaida ambazo jirani yake alikuwa nazo. Hapo mafundi wakatengeneza kipande cha kuunganisha. Kazi yake ilikuwa rahisi: kuondoa kichwa cha Edison kinacholala, na kufunga pahali pake kichwa cha kawaida kinachosimama, ili mtikisiko wa pembeni upate kufika mu pembe ya mashini. Ni sawa kugeuza kiwiko cha bomba.

Hata hivyo kulikuwa taabu moja. Ku mashini ya Edison mkono hauvutwi na mfereji wa diski. Kuko meno ya chuma chini yake yanayousukuma, kwa mwendo unaofaa diski za Edison, zenye mizunguko karibu 60 kwa sentimeta. Diski ya kawaida ilikuwa na 40 hivi. Kwa hiyo sindano ilitangulia, na mkono ulibaki nyuma. Kipande kizuri kilipaswa kuiachia sindano nafasi ya kucheza pembeni, bila hiyo ingebanwa na kuruka mfereji.

Unaona, mwanangu? Kipande kile kilifaa sababu kitu kilichobadilika kilikuwa upande wa mtikisiko. Diski zote mbili zilikuwa ngumu, zenye mwendo karibu sawa: 80 kwa Edison, 78 hivi kwa zingine. Fundi aligeuza kiwiko, basi.

Na hata wakati ule kulikuwa sheria moja: usiweke sindano ya chuma juu ya diski ya Edison. Itaharibu vilima na mabonde yake kwa mara moja. Ukikuta mahali diski nene sana, au diski ya zamani ya Pathé yenye kuandikwa neno la safiri, iache kwanza, tafuta mwenye kujua.

DISKI YA MAMA INAKATAA KWA SABABU NNE

Kati ya 78 na 45 kitu kilichobadilika si kimoja. Ni vinne.

Kwanza, upana wa mfereji. Sindano ya babu haiingii. Inapanda juu ya kingo mbili na kuzivunja.

Pili, uzito. Hapa ndipo shauri la rafiki yako linapoanguka. Sindano ya kushona ni nyembamba, ndiyo, lakini uzito juu yake ni uleule. Gramu 100 juu ya ncha ndogo zaidi ni hatari zaidi. Sindano ya kushona itakata vinili sawa wembe. Na usifikiri kupunguza uzito wa kichwa kwa kufunga waya au mpira: ukikiinua mpaka gramu tano, hakitaweza tena kutikisa hewa, hutasikia kitu.

Tatu, upande wa mtikisiko. Diski za stereo, zilizoanza kuuzwa hapo 1958, zinaandikwa kuume na kushoto pamoja na kupanda na kushuka, kwa mara moja. Kichwa cha gramafoni kinajua kwenda kuume na kushoto tu. Pale mfereji unapopanda, kinaulima.

Nne, mwendo. Mu gramafoni yako, chini ya sahani, kuko vipande vitatu vidogo vya chuma kizito vilivyofungwa ku resori nyembamba. Mashini ikienda mbio, vinatawanyika kwa kuzunguka na kuvuta duara ndogo mpaka iguse kipande cha ngozi. Ngozi inazuia, mwendo unapungua. Visi ya mwendo inasogeza ngozi ile tu. Mpango huo ulifanywa kwa mwendo wa karibu 78. Ukiushusha mpaka 45 au 33, vipande haviwezi kutawanyika vizuri, mwendo unakuwa wa kuyumba, na wimbo unayumba pamoja nao. Kidole cha kaka yangu kilinifundisha jambo hilo.

Kwa hiyo jibu langu ni wazi. Hakuna sindano, hakuna kiwiko, hakuna visi inayoweza kufanya gramafoni ya babu iimbe diski ya mama bila kuiharibu. Anayekuambia kama inaweza, mwambie ajaribu na diski yake mwenyewe.

ZAWADI YA NOELI INAWEZEKANA

Sasa tufike ku kazi ya mikono. Mama atasikia sauti yake, na gramafoni ya babu itaimba pia, kila kitu kwa njia yake.

Kwa diski ya mama, tafuta elektrofoni. Uliza parokiani, uliza wazee wa kwaya, uliza watengenezaji wa radio. Mara nyingi kuko moja inayolala chini ya vumbi. Mbele ya kuweka diski, angalia sindano yake. Elektrofoni nyingi za miaka ya 1950 na 1960 zina sindano mbili, na kifungo kidogo cha kuzigeuza. Upande mmoja umeandikwa 78, upande mwingine 33 na 45, au neno «micro». Upande wa 78 ni wa diski za babu, upande mwingine ni wa diski ya mama. Ukikosea kifungo utafanya kosa langu la mwaka 1967 kwa namna ndogo. Kama sindano imevunjika au imelika, jaribu kwanza na diski isiyo na maana kwenu. Ikitoa uzi au vumbi nyeusi, acha.

Hakikisha mwendo. Weka kipande cha karatasi pembeni ya sahani na hesabu ukiangalia saa. Kwa 45, sahani inazunguka mara 15 kwa sekunde 20. Kwa 33, mara 5 kwa sekunde 9. Kwa 78, mara 13 kwa sekunde 10. Hesabu hiyo haitaki mashini yoyote, hata mtoto wa shule ya msingi anaweza kuifanya.

Sauti ikitoka vizuri, usiisikilize bure: irekodi mara ile ile. Kama kuko mtu mwenye ordinateri na kamba ya kuunganisha, ni bora. Kama hakuna, telefone inatosha. Funga mlango, nyamazisha watoto, iweke karibu na kisemeo. Rekodi pande zote mbili. Kiisha tuma kwa ndugu wawili ao watatu, ili telefone moja ikiibiwa wimbo ubaki. Na mu karatasi andika: jina la wimbo, jina la kwaya, mwaka kama mama anaukumbuka, na majina ya wale walioimba naye. Mwulize sasa, angali nawe.

Kwa gramafoni ya babu, usitoboe mbao yake, usikate mkono wake, usifungue ile sanduku ya duara yenye resori. Resori hiyo ikiruka inaweza kukata vidole. Tia tone moja la mafuta mepesi ku vipande vinavyozunguka na ku ile ngozi ya kuzuia mwendo. Ukimaliza kuitumia, iache izunguke mpaka resori ilegee. Usiiache imekazwa usiku wote.

Kiisha tafuta diski zake. Barua yako inasema «karibu zote» zilivunjika. Maana yake kuko iliyobaki. Utaitambua: ni nzito, ngumu, ukiigonga na ukucha inalia sawa sahani ya udongo, na ikianguka inavunjika. Soma karatasi ya katikati, mara nyingi imeandikwa 78. Ukiwa na mashaka, usiiweke. Ioshe na maji kidogo na sabuni laini, bila kulowesha karatasi ya katikati, uikaushe na kitambaa safi. Usitumie alkoli hata kidogo, wala ya farmasi wala lutuku ya jirani: alkoli inayeyusha shelaki, na wimbo unatoka pamoja na uchafu. Weka sindano mpya ya gramafoni, upande mmoja sindano moja. Sindano hizo zingali zinatengenezwa. Ndugu aliye ng'ambo anaweza kukutumia kiberiti kimoja, si nzito.

Na kama unapata diski ya 78 lakini elektrofoni yako haina mwendo huo, kuko njia ingine. Tumia sindano ya 78, chezesha diski ku 45, rekodi mu ordinateri, halafu ongeza mwendo mara 1.73, yaani 78 kugawanya na 45. Wimbo utarudi mahali pake. Usitumie sindano nyembamba: itaanguka chini kabisa ya mfereji mpana, penye uchafu wa miaka yote, na utasikia kelele kuliko wimbo.

JUU YA DISKI ILIYOBAKI

Mwanangu, hukuniambia diski ile iliyobaki ni ya nani. Itazame vizuri. Mwaka 1948 kampuni ya diski ya Ngoma ilianza Léopoldville, na wimbo wa Wendo, «Marie-Louise», ukasikika mpaka mbali ku gramafoni kama yako. Na mwaka 1952, mu mji wako mwenyewe, wakati ulipoitwa Jadotville, Hugh Tracey alifika na mashini zake toka Afrika ya Kusini, akamrekodi kijana mmoja mwenye gitaa. Jina lake lilikuwa Mwenda Jean Bosco, na wimbo wake «Masanga» ulitoka ku diski ya 78. Siku hizi wachezaji wa gitaa wa Ulaya na Marekani wanajifunza wimbo ule noti kwa noti. Kuko nyimbo nyingi zingine za wakati ule ambazo zilibaki mu masanduku ya nyumba zetu tu, na kila kuhama kwa nyumba kunavunja zingine.

Mwalimu wangu wa kwaya alikufa, diski yake sikuweza kumlipa. Nilipopata kazi nilitafuta ingine miaka mingi. Nilipoipata hakuwako tena. Niliipeleka kwa kwaya yake. Wale wazee waliosalia walisikiliza Kyrie, na pale Mwalimu alipokuwa amesahau, walitazamana, wakacheka kidogo: kumbe sauti ya pili inapanda, sisi miaka yote tulikuwa tunaishusha.

Basi mwaka huu usifunge sindano ya kushona. Azima elektrofoni, geuza kifungo upande wa «micro», hesabu mara 15 kwa sekunde 20, kiisha mwite mama. Halafu utuandikie alisema nini.

Na ninyi wasomaji wengine, mwenye elektrofoni inayozunguka vizuri huko Likasi, ao Kolwezi, ao Kipushi, tafadhali mjulishe katekista wa kwenu. Kijana huyu si peke yake mwenye diski ya mama mu sanduku.

Mwezi ujao, Bwana akipenda: namna ya kurekebisha jiko la makala lisipoteze moto. Kaeni salama.